Hodi na Karibu: Mwanzo wa Podikasti na Mapokeo ya Usimulizi wa Kiswahili

Utangulizi

Jina la podikasti halina umri mrefu. Lilichapwa Februari 2004 katika gazeti la The Guardian la Uingereza, pale mwandishi Ben Hammersley alipokuwa akitafuta namna ya kuyaita matangazo ya sauti yapatikanayo katika intaneti, ambayo msikilizaji huyachukua na kuyasikiliza saa aipendayo mwenyewe. Mwaka 2005 kampuni ya Apple iliyaingiza matangazo hayo katika programu yake ya iTunes, na tangu hapo yakaenea. Siku hizi masimulizi na mazungumzo ya namna hii hutungwa kwa Kiswahili pia, na miongoni mwa watungaji wake wamo vijana ambao hawakupata kufundishwa utangazaji wala kuketi mbele ya mtambaji wa hadithi.

Jambo linalomsumbua kila mtungaji wa podikasti ni mwanzo. Washauri wa ufundi huu humwambia amnase msikilizaji katika sekunde chache za kwanza, kana kwamba msikilizaji ni samaki. Mazoea ya redio nayo humwelekeza aamkue, ajitaje jina, akitaje kipindi, awashukuru wafadhili, kisha ndipo aanze. Kwa kufuata shauri la kwanza mwanzo huwa chambo. Kwa kufuata la pili huwa pambo. Makala haya yanadai kwamba mwanzo ulio mzuri si chambo wala si pambo. Ni mapatano. Ndani yake msimulizi hubainisha anasema na nani, hujitwika deni ambalo kipindi kitapaswa kulilipa, na humwachia msikilizaji nafasi ya kuitika. Kunga hii imo katika mapokeo ya Kiswahili tangu zamani. Ikiwa watungaji wa leo hawaijui, basi sehemu ya lawama inawaangukia wanaoifundisha fasihi simulizi.

Nani Abishaye Hodi

Ili kuuelewa mwanzo wa podikasti, ni lazima kwanza kuitenganisha podikasti na redio. Vyombo hivi viwili hufanana kwa kuwa vyote hutumia sauti pekee, na kwa sababu hiyo wengi huvidhania kuwa ni kitu kimoja. Lakini vinatofautiana katika jambo la msingi: nani anamjia nani.

Redio ni mgeni aingiaye nyumbani mwa watu. Huwakuta wenyeji wakipika, wakifua, wakibishana au wakisinzia. Haikualikwa kwa jina. Imefunguliwa tu, na pengine aliyeifungua ameshatoka chumbani. Ndiyo maana mtangazaji hubisha hodi. Hulitaja jina la idhaa, hutaja saa, huamkua, hujitambulisha. Zaidi ya hayo, kwa kuwa hajui ni nani aliyefungua mtambo sasa hivi na ni nani aliyekuwapo tangu mwanzo, hana budi kuyarudia mambo hayo mara kwa mara. Salamu ndefu ya redio, kwa hiyo, si upuuzi. Imezaliwa na hali halisi ya chombo.

Mfano mashuhuri wa hali hiyo ni mchezo wa redio ulioongozwa na Orson Welles nchini Marekani tarehe 30 Oktoba 1938, uliotungwa kutokana na riwaya ya H. G. Wells kuhusu wavamizi kutoka sayari ya Mirihi. Mwanzoni mwa kipindi ilitangazwa waziwazi kwamba huo ulikuwa mchezo. Hata hivyo baadhi ya wasikilizaji walikuwa kwenye idhaa nyingine, wakahamia huko baadaye, wakaikuta sauti ya mtangazaji ikieleza uvamizi kama taarifa ya habari. Wataalamu wa siku hizi wanakubaliana kwamba magazeti yalikitia chumvi nyingi kisa cha hofu iliyofuata. Lakini kwamba wako walioogopa hakuna shaka, na sababu ya woga wao ni dhahiri: walikosa kuyasikia mapatano. Waliyasikia masimulizi bila kuusikia mlango wake.

Podikasti haimkuti mtu katikati. Msikilizaji wake ameutafuta mfululizo, ameisoma anwani ya kipindi, amekichagua na kukibonyeza, na amekianzia pale kinapoanzia. Hapa mgeni si msimulizi tena. Mgeni ni msikilizaji. Yeye ndiye aliyekuja mlangoni, na kule kubonyeza kwake ndiko kubisha hodi. Linalomlazimu msimulizi ni kuitika karibu. Anaposhika maneno ya redio na kuanza kujitambulisha kwa urefu, kukitaja kipindi ambacho jina lake limekwisha kusomwa, na kuieleza mada ambayo imekwisha kuandikwa, hufanana na mwenye nyumba ambaye, baada ya kubishiwa hodi, naye hubisha hodi kutoka ndani.

Tena, mgeni huyu anao uwezo ambao msikilizaji wa redio hakuwa nao. Vyombo vingi vya kusikilizia vina kitufe cha kuruka mbele kwa sekunde 15 au 30. Msikilizaji aliyezoea mfululizo fulani hujua kwamba nusu dakika ya kwanza haina kitu, naye huiruka bila kusita. Kutokana na hilo chaweza kupatikana kipimo chepesi cha uhakiki: sehemu inayoweza kurukwa na msikilizaji asipungukiwe na lolote haistahili kuitwa mwanzo, hata ikiwa ndiyo inayotangulia. Mwanzo wa kipindi hicho uko mbele, nao umecheleweshwa.

Mwito na Kiitikio

Katika utambaji wa Kiswahili, hadithi haianzi mpaka hadhira ikubali ianze. Mtambaji husema “Paukwa!”, nayo hadhira hujibu “Pakawa!” Au hutaja hadithi mara mbili, nao wasikilizaji wakaiita ije, wakauita na uongo uje, na utamu ukolee. Katika shule za Kenya, hasa tangu Kiswahili kilipofanywa somo la lazima la mtihani katika mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulioanza 1985, misemo hii imefundishwa kwa jina la fomula za kufungulia. Mwanafunzi huikariri pamoja na orodha ya kazi zake: huvuta makini ya hadhira, huitenga dunia ya hadithi na dunia ya kawaida, humtambulisha mtambaji. Orodha hiyo si ya uongo, ila inaliacha nje jambo lililo kubwa kuliko yote, nalo ni kwamba nusu ya fomula si mali ya mtambaji. Asipoitikiwa hana ruhusa ya kuendelea.

Kiitikio chenyewe kinastahili kuangaliwa kwa jicho la sarufi. “Pakawa” ina umbo la kitenzi -wa kilichochukua kiambishi -ka-, ambacho ndicho kiambishi cha masimulizi katika Kiswahili: akaenda, akafika, akamkuta. Kwa hiyo hadhira inapoitika, haisemi tu kwamba iko tayari. Inamkabidhi mtambaji wakati wa kisarufi ambao hadithi yake yote itausafiria. Kitenzi cha kwanza cha hadithi kimetamkwa na msikilizaji.

Kitendawili kinazidi hapo. Mtegaji hutangaza “Kitendawili!”, naye mtegewa humwamuru: “Tega!” Asiyeweza kukitegua hana budi kutoa mji kabla ya kupewa jibu. Hapa mapatano yana bei. Anayeitika anajua kwamba amejiingiza katika shughuli ambayo yaweza kumgharimu, na mtegaji naye anajua kwamba akishapewa mji hawezi kuondoka bila kutoa jibu. Kila upande una deni kwa mwenziwe. Huo ndio mvuto wa kweli wa mwanzo: si kelele ya kumshtua mtu, bali deni lililokubaliwa na pande mbili.

Huenda ikaulizwa: podikasti ni sauti iliyokwisha kurekodiwa, kiitikio kitatoka wapi? Swali ni la haki, na jibu lake halipatikani kwa kuinakili fomula. Msimulizi anayepaza “Paukwa!” ndani ya chumba cha kurekodia, kisha akajiitikia mwenyewe au akapachika sauti za watoto waliorekodiwa, amelichukua ganda akaiacha kokwa. Kinachohitajika ni kuiacha nafasi ambayo msikilizaji, akiwa peke yake ndani ya matatu au jikoni, ataijaza moyoni mwake. Fasihi andishi ya Kiswahili ilikabiliwa na tatizo hilihili pale sauti ilipohamia kwenye karatasi, nayo ililitatua.

Wosia wa Mwana Kupona

Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alitunga utendi wa wosia kwa binti yake, Mwana Hashima. Tenzi nyingi za kale huanza kwa kulitaja jina la Mwenyezi Mungu. Utendi huu unalo pia neno hilo, lakini halikuwekwa katika ubeti wa kwanza. Mshairi anaanza kwa kumwita binti yake asogee karibu na kumtaka ausikilize wosia. Kisha anaeleza kwamba maradhi yamemshika kwa muda wa mwaka mzima, na kwa muda huo hakupata kumwambia neno lililo jema. Halafu anamtaka aje na wino na karatasi, kwa kuwa moyoni ana maneno anayopenda kumhadithia. Akishakaa karibu, ndipo linapotajwa jina la Mungu na kumsalia Mtume.

Beti hizi chache zafanya kazi ambayo watungaji wengi wa podikasti hushindwa kuifanya kwa dakika tano. Kwanza, zinamtaja msikilizaji, naye ni mmoja. Pili, zinaonyesha kwa nini maneno haya yanasemwa sasa na si wakati mwingine: msemaji ni mgonjwa, na mwaka umepita akiwa kimya. Hakuna haja ya kutangaza kwamba mada ni nzito. Uzito umo katika hali ya msemaji mwenyewe. Tatu, zinampa msikilizaji kazi. Binti hakuambiwa asikilize tu. Ameambiwa alete vifaa vya kuandikia. Kuleta wino na karatasi ndicho kiitikio chake.

Hapa pana funzo la sarufi ambalo watungaji wa Kiswahili wanalo bure nao hawalitumii. Kiingereza kina neno moja la kumwita mtu mmoja na kuwaita wengi. Kiswahili hutenganisha: hujambo si hamjambo, sikiliza si sikilizeni. Podikasti husikilizwa aghalabu na mtu mmoja kwa wakati mmoja, mara nyingi kwa kipaza sauti kidogo kilichowekwa sikioni. Nafsi ya pili umoja ndiyo inayoifaa hali hiyo, kama ilivyomfaa Mwana Kupona. Lakini ni jambo la kawaida kusikia “Hamjambo mpenzi msikilizaji”, ambapo salamu ni ya wengi na mwitwa ni mmoja. Kosa hilo si la upatanisho wa kisarufi tu. Linaonyesha kwamba msemaji hajaamua anasema na nani. Mwana Kupona alisema na mmoja, na kwa sababu hiyo wanawake wengi wa pwani kwa zaidi ya karne moja na nusu wameusikia utendi wake kana kwamba wameambiwa wao.

Swali la Kiungwana

Redio ya Kiswahili nayo, pamoja na kulazimika kubisha hodi, imetoa mifano ya mwanzo uliotungwa kwa busara. Mmoja wa mifano hiyo ni kipindi cha Leonard Mambo Mbotela, “Je, Huu ni Ungwana?”, kilichoanza mwaka 1966 katika Sauti ya Kenya na kuendelea kwa zaidi ya miaka 50. Mbotela alifariki Februari 2025.

Ubora wa kipindi hicho ulianzia kwenye jina. Jina la kipindi kwa kawaida ni nomino: jarida fulani, baraza la jambo fulani. Hili ni swali, na kila lilipotajwa kipindi kilikuwa kimekwisha kuanza, kwa maana kwamba msikilizaji alikuwa amekwisha kuulizwa. Mtangazaji alieleza tabia fulani, kama ya mtu asiyejali foleni au anayemsumbua jirani, kisha akauliza. Watu majumbani walijibu kwa sauti. Kiitikio ambacho mtambo haukuweza kukibeba kilitamkwa sebuleni.

Neno lenyewe, ungwana, lina historia yenye uchungu. Zamani katika miji ya pwani mwungwana alikuwa mtu huru, mwenye asili ya mji, aliyewekwa mkabala na mtumwa. Mbotela alitoka katika ukoo wa Freretown, makao yaliyoanzishwa Mombasa katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Anapouliza mtu wa asili hiyo kama jambo fulani ni la kiungwana, ungwana unaacha kuwa nasaba na kuwa mwenendo. Swali lililoonekana jepesi lilibeba ndani yake mabadiliko ya maana ya neno, na taifa zima liliitwa kuyathibitisha kila wiki. Mwanzo ambao ndani yake mna jambo la kubishaniwa haumalizwi na kuzoeleka. Salamu tupu hukinaisha katika juma la pili.

Dakika 21

Kati ya podikasti zilizoupatia utanzu huu hadhi duniani, hapana iliyotajwa zaidi kuliko Serial ya Marekani, iliyoanza Oktoba 2014 ikisimuliwa na Sarah Koenig, na ambayo mwaka 2015 ilipewa tuzo ya Peabody. Msimu wake wa kwanza ulihusu kuuawa kwa msichana wa shule, Hae Min Lee, mjini Baltimore mwaka 1999, na kuhukumiwa kwa mwanafunzi mwenzake, Adnan Syed.

Mwanzo wa kipindi cha kwanza umesifiwa mara nyingi, na sifa hizo si za bure. Msimulizi anasema kwamba kwa mwaka mzima amekuwa akitumia kila siku ya kazi kujaribu kujua kijana mmoja wa shule alikuwa wapi kwa saa moja, au kwa hesabu iliyo sahihi zaidi kwa dakika 21, baada ya masomo siku moja ya mwaka 1999. Kisha anawauliza vijana kadhaa walifanya nini siku fulani iliyopita majuma machache nyuma, nao wengi wanashindwa kukumbuka. Ufundi ulioonekana kwa Mwana Kupona umo hapa. Msimulizi amejitwika deni na kulitaja kipimo chake: mwaka wa kazi dhidi ya dakika 21. Msikilizaji naye amepewa la kufanya, kwa kuwa hawezi kulisikia swali lile asijiulize yeye mwenyewe alikuwa wapi siku kama ile. Hakuna risasi, hakuna mayowe, hakuna ahadi ya siri. Pana swali dogo ambalo kila mtu anaweza kulipima kwa kumbukumbu yake.

Hata hivyo mhakiki hawezi kukomea kwenye sifa. Mwanzo ni mahali ambapo msimulizi huamua ni muda wa nani utakaohesabiwa. Katika Serial, dakika zilizohesabiwa ni za kijana aliyeshtakiwa. Msichana aliyeuawa, ambaye bila yeye hapangekuwa na kisa, anaingia katika masimulizi kama sababu ya swali na si kama mtu anayeulizwa habari zake. Kasoro hiyo haikuletwa na uzembe. Imeletwa na ule ufundi wenyewe uliousifiwa mwanzo, kwa kuwa swali lililonyooka vizuri hufunga milango mingine yote. Kila mwanzo una mtu ulioacha nje, na mwanzo unaonasa sana humfanya msikilizaji asigundue kwamba kuna aliyeachwa. Wale wanaoupima mwanzo kwa idadi ya watu waliobaki kusikiliza hawana njia ya kuiona hasara hiyo.

Mfano wa Kujaribia

Ili hoja hizi zisielee hewani, inafaa kuzijaribu juu ya kisa kimoja cha Kenya. Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa anga waliojaribu kuipindua serikali ya Rais Daniel arap Moi walikiteka kituo cha Sauti ya Kenya. Walimchukua Mbotela nyumbani kwake alfajiri wakamlazimisha atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Kabla ya siku kwisha askari waliokuwa watiifu kwa serikali walikuwa wamekikomboa kituo. Na ichukuliwe kwamba mtungaji anataka kukisimulia kisa hicho katika podikasti. Mianzo mitatu ifuatayo imetungwa kwa ajili ya kujaribia tu.

Wa kwanza: “Hamjambo mpenzi msikilizaji popote pale ulipo. Karibu tena katika kipindi chako ukipendacho. Leo tuna mada moto sana, tutazungumzia jaribio la mapinduzi la mwaka 1982. Lakini kabla ya hapo, usisahau kutufuata na kuwaambia na wenzako.”

Wa pili: “Risasi. Mayowe. Damu barabarani. Siku ambayo Kenya ilikaribia kuangamia. Leo utaambiwa siri ambayo hujawahi kuambiwa.”

Wa tatu: “Ni alfajiri ya Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982. Unafungua redio, na sauti unayoijua, ile ya mtu aliyezoea kukuuliza kama jambo ni la kiungwana, inakuambia kwamba serikali imepinduliwa. Sauti unaitambua. Maneno huyatambui. Je, utaamini kipi?”

Wa kwanza ni hodi ya redio iliyopigwa kutoka ndani ya nyumba. Unaweza kuondolewa wote pasipotee kitu. Neno “moto” linamwambia msikilizaji kwamba mada ni ya kuvutia, ilhali halionyeshi mvuto wenyewe. Wa pili una mwendo, lakini umejitwika deni usiloweza kulilipa. Habari za siku ile zimeelezwa mara nyingi, na msikilizaji aliyeahidiwa siri atakapokuta asiyoyatarajia si siri, hatamwamini msimulizi tena. Fauka ya hayo, damu iliyotajwa haina mwenyewe. Imetumiwa kama rangi.

Wa tatu unaifuata kanuni iliyokwisha kuelezwa. Unasema na mtu mmoja, unamweka mahali na saa, na unamwachia swali ambalo kipindi kizima kina wajibu wa kulijibu: je, imani ambayo watu wameijenga kwa sauti moja kwa miaka mingi yaweza kutekwa kwa bunduki? Swali hilo ni zito kuliko mayowe, kwa kuwa linagusa uhusiano wa umma na chombo cha habari mpaka leo. Pamoja na hayo, mwanzo huu nao una deni lake la siri. Umemtumia mtu aliyeshikiwa silaha kama kivutio, na watu waliouawa siku ile hawamo ndani yake. Msimulizi mwaminifu hatautupa kwa sababu hiyo. Atahakikisha kwamba kipindi kinarudi kuwataja wale walioachwa mlangoni, na kwamba aliyelazimishwa kusema hageuzwi kuwa kichekesho.

Dai la Adabu

Pingamizi moja halina budi kujibiwa. Inaweza kudaiwa kwamba kuipunguza salamu ni kuvunja adabu ya Mswahili, ambaye hamwingii mtu kwa mazungumzo kabla ya kumjulia hali, na kwamba kuanza moja kwa moja na swali ni kuiga ukavu wa wageni. Aidha, tenzi zenyewe zina dibaji. Mtungaji wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, anaanza kwa kumtaja na kumsifu Mwenyezi Mungu kabla ya kuugeukia moyo wake na kuukemea.

Pingamizi hili lina ukweli, lakini halitetei kile linachodhaniwa kutetea. Dibaji ya Al-Inkishafi si ya kupitisha muda. Humweka shahidi. Kila neno ambalo moyo utaambiwa baadaye kuhusu ubatili wa dunia limetamkwa mbele ya Yule aliyekwisha kutajwa, na pasipo shahidi huyo lawama zingepungua uzito. Dibaji hiyo haiwezi kurukwa. Hivyo imekipita kipimo kilichotajwa hapo juu, ambacho hakiulizi urefu wa mwanzo bali huuliza kazi yake.

Kuhusu salamu, adabu ya pwani haikomei kwenye neno karibu. Mwenyeji akishamkaribisha mgeni humpa mahali pa kukaa. Karibu inayorudiwa mara tano mlangoni huku mgeni amesimama si ukarimu, ni kumchelewesha. Msimulizi wa podikasti na aamkue, kwa neno moja au mawili yenye upatanisho sahihi, kisha ampe msikilizaji kiti, yaani swali, mahali, au mtu wa kumfuata. Shukrani, majina ya wafadhili na maombi ya kufuatwa yatapata nafasi baadaye, pale ambapo mgeni amekwisha kutulia na ana sababu ya kushukuru naye.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba podikasti imeugeuza uhusiano wa redio na hadhira, kwa kuwa sasa msikilizaji ndiye ajaye. Imeonyeshwa vilevile kwamba mapokeo ya Kiswahili, kuanzia paukwa na kitendawili hadi utendi wa Mwana Kupona na swali la Mbotela, yanauona mwanzo kuwa mapatano kati ya wawili, na kwamba mfano bora wa kigeni umefaulu kwa kanuni hiyohiyo na kukosea pale ulipomsahau aliye nje ya mapatano.

Kinachobaki ni wajibu wa vyuo. Ikiwa fomula ya kufungulia itaendelea kufundishwa kama kipengele cha kukaririwa, mwanafunzi atahitimu akijua kwamba mtambaji husema “Paukwa!” asijue kwa nini alilazimika kungoja jibu. Mwanafunzi huyo akinunua kinasa sauti na kuanza podikasti, ataazima maneno ya mtangazaji au mbinu za mchuuzi, kwa kuwa hakupewa chake. Inafaa masomo ya fasihi simulizi yaingize kazi ya kutunga na kurekodi, na mianzo ihakikiwe darasani kama zinavyohakikiwa beti: anaitwa nani, deni ni lipi, nafasi ya kuitika iko wapi, na ni nani aliyeachwa nje. Maswali haya manne hayahitaji mtambo wowote wa gharama. Yanahitaji mwalimu anayekubali kwamba utambaji haukufa pale moto wa jioni ulipozimika, na kwamba kijana anayesema peke yake mbele ya kinasa sauti bado anamngoja mtu wa kumwitikia.